Kapigwa kwa "QI", Sasa Eti Sheria Zibadilishwe! MC wa Singida Aachie Jogoo wa Watu

Ubuyu wa Singida mjini safari hii hauhusu nani kaachana na nani. Unahusu herufi mbili. Kaka mmoja maarufu, MC wa harusi na send-off, mwenye wafuasi wa kutosha Instagram na Kiingereza cha kumwaga kwenye kila posti, kapigwa fainali ya Scrabble na binti anayeshinda kwenye kibanda cha wakala wa kutuma pesa. Kupigwa si habari, kila mtu hupigwa. Habari ni alichofanya baada ya kupigwa. Usiku uleule kaingia laivu, kasema binti huyo "hajui Kiingereza, anajua herufi tu", kasema ushindi wa maneno ya herufi mbili mbili ni ushindi wa kuokota, na kufikia kesho yake saa nne asubuhi zawadi ilikuwa imeshazuiwa. Jogoo wawili, ndoo ya lita 20 ya mafuta ya alizeti na laki moja taslimu. Eti mpaka kamati ikae.

Kamati yenyewe ina watu watatu. Mmoja ni mwenye mgahawa ulipofanyika mchezo, upande wa Ziwa Singidani. Wawili waliobaki ni mpiga picha na mpambaji wa kumbi, na wote wawili kazi zao za Jumamosi huzipata kupitia simu ya MC. Hapo hata mtoto wa chekechea anajua kura zitaendaje.

Sasa twende kwenye mchezo, maana wengi waliomwaga povu kwenye laivu ile inaonekana wanaijua Ludo tu. Scrabble ina ubao wa mistari 15 kwa 15, miraba 225. Kila mchezaji anashika kete saba, kila kete ina herufi na pointi zake. Herufi zinazoonekana sana kwenye Kiingereza ni za bei rahisi: A, E, I, N, T, S zina pointi moja moja. Zile adimu ndizo zenye hela: J na X zina 8, Q na Z zina 10. Bei hizo hazikushushwa kutoka mbinguni. Msanifu majengo mmoja wa Marekani, Alfred Butts, alikuwa hana kazi miaka ya 1930 wakati uchumi wa kule umeanguka, akakaa na magazeti anahesabu herufi moja moja zinajitokeza mara ngapi. Mtu hana ajira, anahesabu herufi, anatengeneza mchezo ambao dunia nzima inaucheza mpaka leo. Kwa hiyo hata mwanzo wa mchezo huu haukuwa ukumbini kwa watu wenye suti.

Na kwa sababu bei iko kwenye herufi, urefu wa neno peke yake haumpi mtu kitu. Chukua neno NATION. Herufi sita, linasikika vizuri, MC yeyote angelipenda. Pointi zake ni 6, basi. Chukua OX, maksai. Herufi mbili, pointi 9. Maksai mmoja kaipiga nation nzima, na wala hajafungwa jembe. Mtu akiudhika na hilo, kesi yake ni kwa marehemu Butts, asimpelekee binti wa kibandani.

Alichofanya binti ni kuusoma mchezo ulivyo. Wanaomfahamu wanasema alijifunza kwa simu, pale kibandani, mchana ambao wateja hawapo. Nyuma ya kitabu cha kumbukumbu za miamala kilichokwisha kaandika maneno yote ya herufi mbili yanayokubalika, na kwenye kamusi ya Collins inayotumika kwenye mashindano ya kimataifa yako zaidi ya 120. Kayakariri kama mtu anavyokariri namba za wateja wake. AA, HO, JO, KA, XI, XU, ZA, na huyo QI aliyemtoa MC nishai.

Hiyo QI inahitaji maelezo, maana ndiyo iliyozua laivu nzima. QI ni neno lililotoka Kichina, nguvu ya uhai inayosemekana kuzunguka mwilini. Pointi zake 11. Lakini kwenye ubao kuna miraba inayozidisha herufi mara tatu, na binti aliiona mmoja uko wazi, kulia kwake kuna I na chini yake kuna I nyingine. Akaweka Q peke yake. Ikasomeka QI kwenda kulia, ikasomeka QI kwenda chini. Q mara tatu ni 30, jumlisha 1, ni 31. Mara mbili. Kete moja, pointi 62. Ukumbi ukalipuka. MC, kwa sauti ileile ya kuita maharusi, akamuuliza mbele ya watu: "QI maana yake nini, dada?" Binti akajibu bila hata kumwangalia: "Sitini na mbili."

Hapo ndipo kaka alipopoteza fainali, na pengine ndipo alipopoteza na busara.

Maana ukweli usemwe, MC hakucheza vibaya mwanzoni. Alifungua kwa PARENTS, kete zote saba kwa mpigo. Neno la kwanza huzidishwa mara mbili, 9 zikawa 18, na anayemaliza kete saba kwa mkupuo hupewa 50 za nyongeza. Jumla 68. Ile ilikuwa kazi ya mtu anayejua, na waliopiga makofi walipiga kwa haki. Neno refu lina malipo yake pale linapokula mkono mzima, hilo hakuna anayebisha. Tatizo ni la katikati, maneno ya herufi tano au sita yaliyowekwa kwa ajili ya kupendeza, ambayo hayafikii ile 50 na yanamfungulia mpinzani njia kwenye miraba ya rangi. Kaka alishalewa na ile PARENTS. Zamu zilizofuata alikuwa anatafuta picha tu.

Binti kwa upande wake alikuwa anajenga ukuta. Kuna zamu moja ubaoni palikuwa na neno ONE. Akaweka HAM juu yake, herufi juu ya herufi. Kwenda kulia inasomeka HAM, 8. Kwenda chini inasomeka HO, 5. Inayofuata AN, 2. Ya mwisho ME, 4. Kete tatu, maneno manne, pointi 19, na hakuna hata mraba mmoja wa rangi uliotumika. Zaidi ya hapo hakuacha nafasi ya mtu kupitisha neno refu eneo lile. Kwa waliozoea bao, ni kama mtu anayekula kete huku akifunga njia ya mwenzake. Wazee wa vijiweni wangelitambua hilo kwa sekunde moja, hata kama hawajui neno la Kiingereza zaidi ya "yes".

Na mwisho wa mchezo ndio unauma zaidi. MC alikuwa kashikilia J na W, kwa mujibu wa yeye mwenyewe, akisubiri herufi za kukamilisha JEWELS. Vito! Kete mfukoni zikaisha. Binti akamaliza zake kwa neno la herufi mbili. Sheria ni kwamba zile zilizobaki mkononi unakatwa na anayemaliza anaongezewa. J ni 8, W ni 4. Kumi na mbili zikatoka kwa MC zikaingia kwa binti, tofauti ya 24 kwa mara moja. Angeweka JO zamu mbili kabla angepata 9 zake na pengine leo angekuwa anakula jogoo. Alisubiri vito.

Sasa mtu aliyepigwa hivyo, kwa hesabu iliyo wazi, anapata wapi ujasiri wa kusema alionewa?

Anaupata mahali pamoja tu, na si kwenye kitabu cha sheria. Anaupata kwenye ile imani ya mjini kwamba Kiingereza ni cheo, na cheo hakiwezi kwenda kwa mtu wa kibandani. Kaka kasoma shule za "Saint" tangu chekechea, na si kosa lake, wazazi walijinyima wakalipa. Binti kasoma shule ya kata. Miaka saba ya msingi hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, jiografia kwa Kiswahili, halafu Januari moja anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza usiku mmoja. Wako maelfu kama yeye nchi hii, na walio wengi hawakushindwa fizikia, walishindwa lugha ambayo fizikia iliandikiwa. Mtu kama huyo amekaa peke yake na simu yake yenye kioo kilichopasuka, akauchukua mchezo wa Kiingereza akaufungua kama saa, akajua gurudumu lipi linazungusha lipi. Halafu anakuja mtu kwenye laivu anamwambia hajui. Anaigiza hata matamshi yake. Kile kipande cha video kimezunguka magrupu yote ya WhatsApp kuanzia Singida mpaka Manyoni, na sasa wahuni wakipita mbele ya kibanda wanapiga kelele "kiii!" na kucheka. Wateja wengine wamehamia kwa wakala wa pili. Hiyo si utani tena, ni mkate wa mtu.

Kwa taarifa ya kaka na wafuasi wake, mchezo huu ulishaamua zamani kwamba kujua lugha na kujua Scrabble ni mambo mawili. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa hakijui. Alikariri maneno ya kamusi kwa wiki chache tu, akaingia, akawapiga wenye lugha yao, na mpinzani wake wa fainali alitoka Gabon, nchi ambayo watu wanakiongea kila siku. Mwaka 2024 akarudia mchezo uleule kwa Kihispania, huko Hispania kwenyewe. Hakuna Mfaransa aliyeitisha kamati. Walimpigia makofi, wakampa kombe lake, akaondoka.

Na kama hao wazungu wako mbali, kuna Mwafrika. Novemba 2015, mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Fainali alimpiga Mwingereza Lewis Mackay michezo minne kwa sifuri. Rais Buhari alimpigia simu kumpongeza. Na mwaka uliofuata gazeti la Wall Street Journal likaandika kuhusu Wanigeria hao na siri yao: hawakimbilii maneno marefu. Wanaweza, wanayajua, lakini wanachagua neno fupi linalowaachia kete nzuri mkononi na kumnyima mpinzani nafasi. Kocha na wachezaji walikaa chini wakapiga hesabu, wakaona faida. Mkakati uliomsimamisha Mwafrika juu ya dunia ndio huohuo unaoitwa "kuokota" na MC wa Singida. Miaka miwili baadaye mashindano hayo ya dunia yakachezwa Nairobi, safari ya basi tu kutoka hapa, na wachezaji wa hapahapa Afrika Mashariki walikaa meza moja na mabingwa. Nani alisimama pale kusema herufi mbili si neno?

Hoja nyingine iliyotolewa kwenye laivu, na hii angalau ina sura ya hoja, ni kwamba mchezo ungefundisha vijana msamiati, na mtu akishinda kwa XU na ZA bila kujua maana yake hakuna kilichofundishwa. Sawa. Kama lengo lilikuwa kufundisha msamiati, mwandaaji angetangaza mashindano ya msamiati, waje watu na kamusi. Tangazo lililobandikwa mgahawani lilisema Scrabble, kamusi itakayotumika ilitajwa kabla, na kiingilio cha elfu tano kilipokelewa kutoka kwa kila mtu, na kwa binti pia. Huwezi kupokea elfu tano ya mtu kwa sheria moja halafu umpe matokeo kwa sheria nyingine. Mjini hapa gulio la kuku likifanya hivyo watu wanapigana.

Pendekezo lililopo mezani sasa, kwa mujibu wa wanaokaa karibu na kamati, ni kwamba maneno ya chini ya herufi nne yafutwe kwenye hesabu "kwa manufaa ya vijana" na fainali ihesabiwe upya. Ihesabiwe upya! Ukifuta maneno ya herufi mbili huwezi hata kuweka kete mbili sambamba, ubao wote unakufa. Waliotoa wazo hilo hawajawahi kucheza mpaka mwisho, au wamecheza na wanajua vizuri wanachokifanya.

Wako pia waliomtetea binti kwa njia mbovu, nao wanapaswa kuambiwa. Wale walioingia kwenye ukurasa wa MC kuwatukana wazazi wake kwa kumpeleka shule ya Kiingereza wamemsaidia yeye, si binti. Sasa kila akibanwa kuhusu zawadi anaonyesha matusi hayo na kusema anaonewa wivu. Na lile kundi linalosema "basi tuhamie Scrabble ya Kiswahili, huko hatapata pa kujificha mtu" halijachukua kete zenyewe likazihesabu. Zile kete za Kiingereza ni mateso kwa Kiswahili. Q na X hazina kazi, C haina kazi bila H pembeni. Na K, herufi inayobeba nusu ya lugha yetu, iko moja tu katika kete 100. Moja! Yaani mkoa mzima unaojulikana kwa kuku wa kienyeji hauwezi kuandika KUKU ubaoni mpaka mtu awe na kete tupu ya kujifanya K ya pili. Ukiipata, unaambulia 7.

Lakini hata huko, kwenye Kiswahili, angekuwa anapigwa na walewale. ASALI ya Itigi, herufi tano, ni pointi 5. NZI ni 12. Nzi mmoja anaizidi asali yote. MVI ni 8, JUA ni 10, KWA ni 10. ALIZETI, ni kweli, ina herufi saba, na mwenye bahati ya kuishika yote mkononi anapata 16 na 50 juu yake, lakini mtu anayekaa anasubiri alizeti iote mkononi yatamkuta yaleyale ya JEWELS. Neno fupi lililo mahali pake litakula tu, kwa lugha yoyote. Kaka angehitaji kuhama mchezo kabisa, arudi kwenye maiki ambako hakuna anayemuweza.

Na hapo ndipo pa kumshauri, kama bado anasikia watu. Sauti anayo, mji unampenda, na harusi za mwisho wa mwaka ziko njiani. Kuifuta ile video kunachukua dakika moja. Kuwaambia rafiki zake wa kamati waachie zawadi kunachukua simu mbili. Laki moja ile, wanasema walio karibu na binti, ilishapangiwa kazi: ada ya kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na dirisha la kujiandikisha halisubiri kamati ya mtu. Somo mojawapo analotaka kurudia ni Kiingereza.

Kikao kimeahirishwa mara mbili. Ndoo ya mafuta imeonekana jikoni pale mgahawani, kizibo kimefunguliwa. Jogoo walikuwa wamefungwa nyuma ya stoo, wawili, wenye afya nzuri. Kufikia jana jioni anaonekana mmoja.